Akhwari, goti lake, na ile klipu mnayotumiana kila mtu akiumwa

Grupu letu la jogingi huko WhatsApp lina watu themanini na kitu, na tangu Alphonce Simbu wetu achukue dhahabu ya dunia ya marathon Tokyo Septemba 2025 ndo limefurika kabisa, kila mtu saivi anataka kilomita 42, hata wale ambao mwaka juzi walikuwa wanakuja kwenye kilomita 5 kupiga picha na kunywa soda. Sasa siku tisa kabla ya mbio za Moshi dada mmoja akaandika, nafupisha: jamani malaria ilinilaza, dawa mseto nimemaliza juzi, homa imeshuka ila nikipanda ngazi za ofisini nahema kama mbwa, namba nimeshalipia na hoteli nimeshalipia, nikimbie au niache?

Dakika kumi hazijaisha katumiwa klipu ya mzee Akhwari mara nne. Unaijua, ile ya mkimbiaji wetu wa marathon kwenye Olimpiki ya Mexico 1968, mguu umefungwa bandeji, anachechemea anaingia uwanjani giza linaingia. Chini yake watu wanamwaga emoji za misuli na bendera, "Mtanzania hakati tamaa", "kama yeye aliweza na goti limevunjika we malaria tu inakushindaje". Na mimi nilibonyeza kidole gumba. Usiku nikakaa nikajiuliza, hivi kile kisa tunakijua kweli au tunaijua klipu tu? Nikaanza kukisoma upya, na haya ndo niliyoyaona, marefu kidogo mnisamehe.

Tuanze na siku yenyewe. Tarehe 20 Oktoba 1968, Mexico City, mji ulioko mita 2,240 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa yake nyepesi, kila pumzi unavuta oksijeni pungufu kama robo hivi ukilinganisha na pwani. Mbio zimeanza saa tisa alasiri kwenye uwanja mkubwa wa katikati ya mji, Zócalo, na kumalizikia uwanja wa Olimpiki. Walioanza ni 75. Mshindi ni Mamo Wolde wa Ethiopia kwa saa 2:20:26, wa pili Kenji Kimihara wa Japani, wa tatu Mike Ryan wa New Zealand. Hebu itazame hiyo 2:20:26 vizuri, maana miaka minne nyuma Tokyo dhahabu ilichukuliwa kwa 2:12:11, kwa hiyo hata bingwa Mexico alichelewa dakika nane. Naftali Temu wa Kenya, ambaye wiki moja tu kabla alikuwa amechukua dhahabu ya mita 10,000 hapohapo, kwenye marathon alimaliza wa 19. Yaani ile siku kila mtu alikuwa anateseka, sio mtu wetu peke yake.

John Stephen Akhwari, mtu wa Mbulu, alivaa namba 36. Inaelezwa misuli ilianza kumkaza kwa sababu ya ule mwinuko, na alipofika kama kilomita ya 19 watu wakawa wanagombea nafasi kwenye kundi, akagongwa, akaanguka. Goti likachanika na kuteguka, bega nalo likapiga barabara. Akatibiwa, akafungwa bandeji, akarudi njiani. Akawa anakimbia kidogo, anatembea kidogo, anakimbia tena. Akamaliza kwa 3:25:27, wa 57 kati ya 57 waliomaliza. Saa nzima na dakika tano nyuma ya Wolde, jukwaani wamebaki watu elfu chache tu, medali zishagawiwa, na watu wa televisheni wakaambiwa bado kuna mmoja barabarani wakarudi kumpiga picha. Bila hao kurudi leo tusingekuwa na klipu wala maneno yale. Baadaye alipoulizwa kwa nini hakuacha ndo akasema lile jibu ambalo limeandikwa kwenye fulana zote, kwamba nchi yake haikumtuma maili 5,000 kwenda kuanza mbio, ilimtuma kwenda kumaliza. (Mimi mtu wa ramani, nikapima, kutoka Dar mpaka Mexico City kwa mstari ulionyooka ni zaidi ya maili 9,000. Kwa hiyo mzee alipunguza.)

Sasa hapo ndo watu wengi wanafunga kitabu. Mi naona hapo ndo kisa kinaanza.

Kwanza, lile goti halikuvunjika. Kila nikisoma posti za watu naona "alivunjika goti", hapana, liliumia vibaya na inasemekana liliteguka, na hapo penyewe nikapiga hesabu kidogo ya kijogingi. Tuseme mpaka kilomita ya 19 alikuwa bado anakwenda na watu kwa pesi ya 3:20 mpaka 3:30 kwa kilomita, ambayo ndo pesi ya waliokuwa mbele siku ile. Hiyo inampa kama dakika 63 mpaka 66 mpaka pale alipoanguka. Toa kwenye 3:25, unabaki na dakika kama 140 za kumaliza kilomita 23 na kitu. Gawanya. Inakuja dakika 6 kwa kilomita, na humo ndani kuna muda wa kutibiwa na muda wa kutembea. Haya ni makadirio yangu, hayajaandikwa popote, lakini hata ukiyasogeza huku na huku jibu halibadiliki sana.

Pesi ya 6! Hiyo ni pesi ambayo nusu ya grupu letu wanaitafuta wakiwa wazima, wamelala vizuri na wamekula ndizi mbili. Mimi mwenyewe Jumapili nikikaa kwenye 6 narudi nyumbani nimevimba kichwa. Kwa hiyo jamaa hakuwa anajiburuza kama tunavyodhani tukiangalia zile sekunde ishirini za mwisho uwanjani, alikuwa anafanya kazi. Na hiyo inatuambia kitu kingine cha muhimu zaidi, kwamba mguu ulikuwa unabeba uzito. Unauma vibaya sana, lakini unabeba. Goti lililoachia kabisa halikupeleki kilomita 23, halikupeleki hata mpaka kituo cha maji kinachofuata. Kwa hiyo uamuzi wake pale kilomita ya 19 haukuwa wa kichaa, alisimama akatazamwa, akafungwa, akajaribu, mguu ukakubali, akaendelea, na mwendo akaupunguza karibu mara mbili. Hiki cha mwisho watu hawakisemi. Alikubali kuwa wa mwisho. Hakung'ang'ania kumfukuza Wolde.

Na ushahidi kwamba hakujimaliza huu hapa, Julai 1970, miezi 21 baadaye, michezo ya Jumuiya ya Madola Edinburgh, Akhwari huyohuyo kakimbia marathon akawa wa tano kwa 2:15:05. Ningependa hii tuitumiane kwenye grupu badala ya ile klipu maana naona watu wengi hawaijui kabisa, wanadhani ni mzee aliyeshika mkia Mexico basi. Wa tano! 2:15! Goti lilipona, lilipewa muda likapona. Heshima nyingine zilikuja polepole, nishani ya taifa 1983, kualikwa Sydney 2000, kubeba mwenge wa Olimpiki ulipopita Dar Aprili 2008. Lakini kwangu mimi jibu la swali "je, alifanya sawa kuendelea" liko kwenye ile 2:15 ya Edinburgh kuliko kwenye nishani yoyote.

Haya, sasa rudi nyuma kilomita mbili.

Kilomita ya 17 hivi, mbio zilezile, barabara ileile, Abebe Bikila alitoka. Huyu ndo yule aliyeshinda Roma 1960 peku, akashinda tena Tokyo 1964, mtu wa kwanza kuchukua marathon ya Olimpiki mara mbili, Mexico kapewa namba 1 kifuani kwa heshima. Mguu ulikuwa umeumia tangu kabla ya kufika, akaanza hivyohivyo, akaenda mpaka 17, akaacha. Bingwa mkubwa kuliko wote pale barabarani, Ethiopia nzima inamtazama, na akatoka pembeni. Hakuna klipu yake yenye muziki wa huzuni. Hakuna mtu anayemtumia mgonjwa picha ya Bikila akitoka.

Kilomita ya 17 na kilomita ya 19, watu wawili, miguu miwili mibovu, mmoja kaacha mmoja kaendelea. Na mimi naona wote wawili walikuwa sahihi, hapo ndo mtaalam wa grupu letu aliponitukana nilipoandika, lakini tulia unisikilize. Jeraha la Bikila lilikuwa la zamani, lile la kuja nalo, ambalo kila hatua inaliongezea, ukilazimisha kesho linakuwa kubwa kuliko jana. Jeraha la Akhwari lilikuwa la ajali, limetokea palepale, limeonekana kwa macho, limefungwa, na likipunguziwa kasi linavumilika. Maumivu yanaweza kufanana lakini mambo mawili tofauti kabisa. Ukiwa na mfupa unaoanza kupata ufa kutokana na kilomita nyingi za mazoezi, bandeji haisaidii na ujasiri hausaidii, wala kupaka mafuta ya moto hakusaidii. Bikila alikuwa mkimbiaji wa miaka mingi, alijua mguu wake unamwambia nini.

Afu kuna jambo la tatu ambalo ndo linamhusu yule dada, maana yeye hakuwa na jeraha, alikuwa na ugonjwa. Watu wakaleta mfano wa Kipchoge Keino, na nakubali ni mfano mzito, umenisumbua usiku mzima. Tarehe ileile 20 Oktoba 1968, Mexico hiyohiyo, Keino alishinda mita 1,500 kwa 3:34.91 akamwacha Jim Ryun wa Marekani kama mita ishirini hivi nyuma, na muda wote ule alikuwa mgonjwa wa nyongo, maumivu ya tumbo makali, madaktari wamemshauri asikimbie. Wakenya wanasimulia mpaka leo alivyokwama kwenye foleni ya magari akashuka akaenda uwanjani kwa miguu. Kwa hiyo mtu anakuuliza, si huyo hapo mgonjwa na kachukua dhahabu?

Ndiyo. Lakini mchukue Keino wa wiki nzima, usichukue siku moja. Wiki moja kabla, kwenye 10,000, lile tumbo lilimwangusha, akajikuta kwenye nyasi nje ya njia, akaondolewa kwenye matokeo ingawa aliinuka akamaliza. Kwenye 5,000 kapata fedha. Kwenye 1,500 dhahabu. Ona inavyoshuka, mwili uleule, ugonjwa uleule, dakika karibu thelathini ulimshinda, dakika kumi na nne ukamwachia nafasi ya pili, dakika tatu na nusu akapita nao. Sisemi ni umbali tu uliomsaidia, 1,500 ndo ilikuwa mbio yake pia. Lakini hata kwa Keino, ambaye hakuna mtu humu ndani anamfikia hata unyayo, ugonjwa na urefu wa mbio havikukaa pamoja. Na dada yetu anaulizia masaa matano barabarani.

Wapo waliosema Bikila mwenyewe alifanyiwa upasuaji wa kidole tumbo wiki chache tu kabla ya Tokyo na bado akavunja rekodi ya dunia. Kweli kabisa. Ila kidole tumbo kikishatolewa kimetolewa, ugonjwa uko kwenye kopo la daktari, kinachobaki ni kidonda kupona na mwili kurudisha nguvu. Alipoanza Tokyo alikuwa mtu aliyetoka kuumwa, hakuwa anaumwa.

Malaria haiko hivyo, na hapa ndo nilitaka tufike. Vidonge 24 vya mseto kwa siku 3 vinaua wadudu, sawa, homa inashuka, unaoga unapaka mafuta unajiona mzima. Lakini wale wadudu walikuwa wanaishi ndani ya chembe nyekundu za damu na wanazipasua wakitoka, na chembe nyekundu ndo zinabeba oksijeni, na damu hairudi siku kidonge kinapoisha, inachukua wiki kadhaa. Ile "nahema kwenye ngazi" aliyoandika dada haikuwa uvivu, ilikuwa damu inaongea. Yaani ni kama vile umechukuliwa Moshi ukapelekwa Mexico City bila nauli, oksijeni pungufu, tofauti tu ni kwamba hewa ni ileile, mabasi ya kuibebea ndo yamepungua barabarani. Afu bandama. Malaria inaivimbisha bandama, na bandama iliyovimba ikipigwa au ukaanguka vibaya inaweza kupasuka, na pale mwanzoni mwa mbio tunavyosukumana kila mtu anajua, Akhwari mwenyewe aliangushwa kwa kusukumana. Yeye likaenda goti.

Na ukikimbia na homa bado iko ndani, hata ya mafua makali, joto la homa linaongezewa joto la mbio, na kuna virusi vinavyoweza kuingia kwenye misuli ya moyo ikavimba, halafu wewe unaulazimisha ule moyo masaa manne matano. Wakimbiaji wa siku nyingi wana kipimo chao, dalili zikiwa juu ya shingo tu, kamasi kidogo, koo linakwaruza, nenda taratibu ukajisikilizie. Zikishuka chini ya shingo, kifua, tumbo, mwili mzima kuuma, homa, kaa nyumbani. Sio sheria ya hospitali, lakini mi naifuata tangu siku moja nilipoipuuza nikaishia kukaa chini kwenye kilomita ya 14 ya 21 nikiwa sioni vizuri, nikabebwa na bodaboda na namba yangu kifuani, aibu mpaka leo naisikia.

Halafu kuna kaka mmoja alimwambia dada ameze diklofenaki mbili asubuhi ya mbio "utapaa". Huyu ndo alinifanya niandike yote haya kusema kweli. Dawa za maumivu za jamii ile, diklofenaki, brufeni, zinapunguza damu inayokwenda kwenye figo, na mbioni umeshapungukiwa maji, figo tayari ziko kwenye shida, unaziongezea shida. Na isitoshe zinafunga mdomo wa kitu pekee kinachokwambia ukweli. Bikila angemeza akasikia nafuu, angefika wapi na ule mguu? Kaka nilimjibu kwa heshima, akatoka kwenye grupu, admini akamrudisha.

Nikarudia kuiangalia klipu baada ya hapo. Unajua nilichokiona safari hii? Nilikuwa namtazama miguu tu siku zote. Safari hii nikamtazama usoni na kichwa, yuko timamu, anajua uwanja uko wapi, anajua mstari uko wapi, anachechemea lakini hayumbi kama mlevi. Mtu aliyeishiwa na maji au anayechemka kwa homa unamjua, macho yanakuwa mbali, anakwenda upande, ukimuuliza jina anatafuta. Yule wa kwanza maumivu yako mguuni, yule wa pili mwenye kuamua ameshaondoka kichwani, amebaki mwili tu unaenda. Ukiwa barabarani ukaona mwenzako wa aina ya pili usimpigie makofi, mshike mkono umtoe.

Sasa najua mtu atasema mzee Akhwari angekuwa anapiga mahesabu haya yote asingemaliza. Labda. Mimi sidai alipiga, mtu akiwa pale chini na damu inatoka hana muda wa kugawanya dakika kwa kilomita. Lakini alikuwa mkimbiaji hasa, mtu wa taifa, na mwili wa mtu kama huyo unapiga hesabu bila kumwambia. Sisi wengine wa miezi minane ya jogingi hatuna hiyo kitu bado. Ndo maana mfano wake kuuchukua mzimamzima na kumbandika mtu wa malaria naona hatumtendei haki dada, na mzee pia hatumtendei haki, tumemfanya mtu asiyejua kusikia maumivu wakati yeye aliyasikia yote akapunguza mwendo.

Na 18 walioanza siku ile hawakumaliza. Wa mashirika makubwa, wa nchi kubwa, na Bikila ndani yao. Hakuna aliyewatafuta na kamera.

Dada mwishowe alikuja Moshi, maana hoteli ilikuwa haina kurudishiwa hela. Namba ya 42 akaiacha kwenye bahasha na pini zake, akatembea 5 na wamama wa kundi la watoto, akasimama mara mbili kupumua. Jumatatu akaenda kupima damu, ikawa bado iko chini, akaandikiwa vidonge vya madini ya chuma vya mwezi. Alitutumia picha ya karatasi ya majibu kwenye grupu bila maneno yoyote, na mtu mmoja, sijui alikuwa hajasoma au vipi, akajibu kwa kutuma klipu.